Fundi wa Kulaza Magari

Fundi hakuwa mtu wa kuegesha gari. Yeye alikuwa analaza. Ukifika kwenye banda lake pale Mitole ukamwambia, "Fundi, nataka kuegesha gari hapa mpaka mvua ziishe," alikujibu kwamba nafasi ya kuegesha ipo tele, hata uwanja wa mpira, kisha akaendelea kukaza nati yake kana kwamba hujasimama hapo. Ilibidi useme, "Naomba unilazie gari." Hapo aliweka spana chini, akafuta mikono kwa kitambaa, akauliza petroli iliyomo ilinunuliwa lini.

Nilibishana naye kuhusu neno hilo. Nilikuwa mwaka wa pili chuo kikuu, nasoma kemia, na nilikuwa nimefika hatua ile ambayo mtu huona kila neno la nyumbani kwao linahitaji kusahihishwa. Nikamwambia kulaza ni kwa watoto na wagonjwa, gari ni chuma. Akasema hapo ndipo nilipokosea. Mtoto anayelazwa amelishwa, amefunikwa, na kuna mtu anayejua ataamka lini. Gari lililoegeshwa limetupwa tu.

"Na wewe Chuo Kikuu," akauliza, "mama yako alikuwa anakulaza au anakuegesha?"

Tangu siku hiyo hakuniita jina langu tena. Nilikuwa Chuo Kikuu mbele ya watu, mbele ya baba yangu, hata mbele ya padri.

Kwa asiyepajua kwetu, niseme kidogo. Masika yakikolea, barabara ya kutoka Mitole kwenda Nangurukuru huwa tope jeusi linalonata. Zamani ilikuwa hivyo, na mwaka jana ilikuwa hivyo, ingawa kila msimu kuna mtu anayesema safari hii itakuwa tofauti. Pikipiki hupita kwa kusukumwa. Gari halipiti. Kwa hiyo wenye magari, ambao ni wachache, huyaweka kuanzia mwezi wa tatu hadi wa tano au wa sita, mpaka ufuta unapoanza kuvunwa na kila mtu anataka gari siku hiyo hiyo. Wakati huo wote petroli imekaa ndani ya tangi, na petroli haikai bure. Inachacha. Inakuwa nzito, inaacha utomvu kwenye kabureta, na siku unayolihitaji gari linakohoa mara mbili na kunyamaza.

Niliwahi kumweleza Fundi kwamba kuna nchi watu wanaweka magari miezi mingi kwa sababu ya theluji. Alitaka kujua kama petroli yao nayo inachacha. Nikasema inachacha, ila polepole, kwa kuwa kuna baridi.

"Kumbe wenzetu wanalaza ndani ya friji," akasema. Alilifikiria jambo hilo siku nzima. Jioni, nikipita, akaniita kuuliza kama hao watu wanajaza tangi au wanaliacha tupu. Nilisema wanajaza. Akafurahi mno, kama aliyeletewa salamu na ndugu asiowajua.

Suala la kujaza tangi ndilo lililomletea ugomvi na watu wengi. Mitole, kama kwingine, mwenye gari anayeliacha miezi mitatu huogopa kunyonywa mafuta. Akili ya kawaida inamwambia aache tangi tupu. Fundi hakukubali. Alisema tangi tupu limejaa hewa, na hewa ya masika imejaa maji. Usiku bati la tangi linapoa, maji yanajishika ukutani kwa ndani, yanateremka chini ya petroli, yanakaa yakisubiri. Tangi alijaza hadi mdomoni, akafunga mfuniko kwa nailoni na utepe wa mpira wa tyubu, juu yake akapitisha waya. Waya ule aliukunja kwa mkunjo wake mwenyewe, na asubuhi alizunguka akiukagua gari kwa gari.

Mfanyabiashara mmoja wa Kinjumbi, aliyekuwa na shamba la ufuta huku kwetu, alimletea gari lenye robo tangi na kusisitiza libaki hivyo hivyo. Fundi alimwambia alirudishe Kinjumbi kabla mvua haijaanza. Yule bwana akacheka, akidhani ni utani. Hakuwa anatania. Alimsaidia kuligeuza kwa mikono, akalisukuma mpaka barabarani.

Alilisukuma, ndiyo. Fundi hakujua kuendesha gari. Hili nililigundua baada ya kumfahamu miaka kadhaa na mpaka leo linanisumbua. Mtu aliyeweza kukuambia kwa kusikiliza tu kwamba plagi ya tatu imechoka hakuwahi kuendesha hata mita kumi. Magari yaliingia bandani kwa kusukumwa, huku yeye akishika usukani kupitia dirishani na kutembea pembeni. Nilipomuuliza sababu alisema anaogopa. Sikuamini, nikauliza tena siku nyingine, nikitarajia kisa, ajali labda, jambo la kunitosheleza. Akarudia neno lile lile: anaogopa. Nadhani nilitaka awe na sababu kubwa kuliko aliyokuwa nayo. Kanisani alikwenda kwa miguu, sokoni kwa miguu, na siku baba alipompa lifti kwenda Nangurukuru alishika mlango kwa mikono miwili mwanzo hadi mwisho.

Halafu kulikuwa na hiyo Bismillahi. Fundi alikuwa Mkatoliki wa kukaa benchi la mbele. Lakini kila alipolaza gari, baada ya kutia kwenye tangi dawa ya kuzuia petroli isichache na kabla ya kuwasha injini, alisema "Bismillahi" kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayehesabu. Sisi ni Waislamu nyumbani, na baba alikuwa akitabasamu kila mara. Mimi sikutabasamu, nilitaka maelezo. Fundi akasema aliyemfundisha kazi alikuwa Mwislamu na alimfundisha kwa mpangilio: pima, nusa, jaza, tia dawa, Bismillahi, washa, subiri dakika kumi, zima, funga. "Nikiiruka hiyo ya tano nitasahau ya sita," akasema. "Dawa itabaki kwenye tangi, kabureta haitaipata, na gari litachacha kuanzia juu."

Nikamuuliza Mungu anasemaje kuhusu kutumiwa kama alama ya kukumbushia kuwasha injini. Akasema Mungu hajawahi kulalamika, na mbona mimi ndiye ninayelalamika kwa niaba yake.

Siwezi kusema alikuwa mpole. Alikuwa mkali, na ukali wake haukuwa na mpangilio. Aliweza kumvumilia mlevi aliyetapika mlangoni, akampa maji na kivuli, kisha akamfokea mwalimu mkuu kwa kuacha mfuniko wa tangi juu ya paa la gari. Nati zilizokataa kufunguka alizitukana kwa Kimatumbi, na mke wake, Mama Lusi, akiwa jikoni, alikuwa akimjibu kwa niaba ya nati. Watu walipita hapo makusudi ili wasikie.

Wala hakuwa mtu wa kukupa matumaini. Wengi walimjia mwezi wa sita, gari limegoma, wakiomba awatilie ile dawa. Aliwauliza petroli ina umri gani. Wakisema tangu mwezi wa pili, alitikisa kichwa. Dawa haifufui, alisema. Dawa inamkuta aliye hai inamsaidia asife, basi. Aliitoa petroli ile yote kwa mpira, akaiweka kando kwa kuoshea vyuma, na mwenye gari akaondoka na dumu tupu, amenuna. Fundi mwingine angetia dawa kidogo, gari likatikisika kidogo, wote wakaridhika kidogo.

Nilipomaliza chuo nilikaa nyumbani mwaka mzima bila ajira, nikifundisha kwa kujitolea shule ya sekondari. Huo ndio mwaka niliomsumbua kuliko yote. Sikuwa na kazi ya maana, kwa hiyo nilikuwa na maswali. Nilitaka kujua kama ile dawa ya tangi, iliyokuwa ikitoka Dar kwenye kopo, inafanya kazi kweli au ni sehemu ya ibada yake, kama Bismillahi. Nikachukua chupa mbili za kioo, nikatia petroli ya dumu moja, moja nikaitia dawa kwa kipimo chake, nyingine nikaiacha. Nikaziweka stoo ya maabara masika yote.

Mwezi wa sita ile isiyo na dawa ilikuwa imegeuka rangi ya chai na inanuka kama rangi ya mlango. Ile yenye dawa ilikuwa vilevile. Nilikasirika, lazima nikiri. Nilikuwa nimejiandaa kwa matokeo mengine. Nilimpelekea chupa zote mbili, nikidhani atajisifu. Akazifungua, akanusa moja baada ya nyingine akiwa amefumba macho, akaniambia petroli niliyotumia ilikuwa imeshakaa wiki mbili kabla sijaanza, nani aliniuzia. Ilikuwa kweli. Sikuwa nimemwambia mtu yeyote.

Pua yake ndiyo iliyokuwa maabara. Alinusa kila dumu kabla halijamiminwa, na alijua kama liliwahi kubeba mafuta ya taa, hata mwaka uliopita. Alinusa mdomo wa tangi, alinusa plagi, alinusa vidole vya mtu aliyesema hajagusa mfuniko. Nilimsihi mara nyingi aandike kwenye chupa zake. Dawa ya tangi aliimimina kutoka kwenye kopo kwenda kwenye chupa za maji za nusu lita, ili kopo lisifunguliwe kila siku. Na kwenye rafu hiyo hiyo, chini ya benchi, aliweka chupa nyingine kama hizo zenye mafuta ya ufuta, aliyokuwa akijipaka magotini kila asubuhi. Rangi moja, ya njano iliyokolea. Na zote mbili aliziita dawa.

"Niandike nini?" aliniuliza. "Nikiandika dawa, hii dawa na hii dawa."

Nikamwambia aandike dawa ya tangi, dawa ya magoti. Akajibu kwamba mtu anayehitaji kusoma ili ajue petroli na ufuta hafai kukaa bandani kwake. Nilikuwa na jibu. Siku zote nilikuwa na jibu. Safari hiyo nililimeza kwa sababu Mama Lusi alituletea uji.

Baadaye nikapata ajira shule moja karibu na Mingoyo, nikahama. Nilikuwa nikimwona kila likizo, robo saa, nusu saa. Tuliendelea kubishana tulipoachia. Lakini kukutana kulikonifanya niandike haya kulikuwa mwaka jana, likizo fupi ya mwezi wa tatu. Mvua zilikuwa zimechelewa. Mawingu yalikuwa yakija mchana na kuondoka, na watu wote walikuwa wakitazama juu katikati ya mazungumzo.

Nilimkuta amekaa kwenye benchi, suruali ameikunja juu ya magoti, anajipaka dawa.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, Chuo Kikuu. Umenenepa. Mingoyo wanakulaza vizuri."

Nikakaa karibu naye, na harufu ikanifikia. Harufu kali, ya kupanda kichwani, kama rangi ya kucha. Mwanzoni sikuishughulikia. Yeye siku zote alinukia hivyo, mikono, shati, hata kofia. Lakini safari hii ilitoka chini. Nikatazama magoti yake. Ngozi ilikuwa nyekundu, inabanduka vipande vidogo vidogo, na alikuwa anaisugua kwa bidii. Nikamuuliza magoti yamekuwaje. Akasema dawa ya siku hizi imekuwa kali, labda ufuta wa mwaka huu una nguvu.

Nikaomba chupa, nikanusa. Ilikuwa dawa ya tangi.

Nikainama, nikatoa chupa nyingine chini ya benchi. Ilikuwa imebaki theluthi moja. Nikaifungua, na harufu ya ufuta ikatoka, tamu, kama kashata.

Nikamuuliza mwaka huu amelaza magari mangapi. Sita, akasema. La baba yako la mwisho, juzi. Nikamuuliza dawa aliyoyatia ilitoka chupa ipi. Akanionyesha kwa kidevu ile niliyoishika.

Sijui niliwaza nini kwanza. Ningependa kuandika kwamba nilimwonea huruma, lakini nadhani niliwaza matangi. Mafuta ya ufuta ukiyaanika yanaganda na kunata, kila mwenye sufuria anajua. Miezi mitatu ndani ya kabureta, kwenye vitundu vidogo kama tundu la sindano, na juu ya hayo petroli isiyo na dawa. Injini sita zitagoma siku moja, mwezi wa sita, ufuta ukiwa umerundikwa barazani. Na Fundi hakuwa na kazi nyingine. Shamba lilikuwa dogo na magoti hayakuliweza tena. Alichokuwa nacho ni hilo tu: kwamba gari alilolilaza liliamka.

Kwa hiyo nilimwambia. Sikumzungusha. Nilisema, Fundi, hii unayojipaka ni dawa ya tangi, na uliyotia kwenye magari ni ufuta.

Akacheka kidogo. Akanyoosha mkono nikampa chupa niliyosema ni ya tangi. Akafumba macho kama zamani, akainusa kwa muda mrefu, mrefu kuliko nilivyowahi kumwona.

"Huu ufuta," akasema.

Maisha yangu yote nimependa watu wakosee mbele yangu. Hapo nilitamani nikosee mimi. Nikainusa tena, nikatamani, na haikubadilika.

Nikachana karatasi kwenye daftari langu, nikadondosha tone la chupa hii upande huu na tone la chupa ile upande ule, nikamwambia tusubiri. Tukaiweka juani, tumeibana kwa spana mbili. Mama Lusi akauliza kutoka jikoni kama tumehamia kusali. Tone moja likaanza kukauka pembeni, likajikunja kuelekea katikati, likabaki alama hafifu. La pili halikukauka. Lilitanuka, likang'aa, likafanya karatasi ipitishe mwanga. Fundi aliinyanyua karatasi, akaielekeza juu, na kupitia doa lile nikaona kivuli cha kidole chake.

Nikamuuliza ni tangu lini.

Akasema tangu homa aliyougua mwaka mmoja kabla. Ilipoisha, kahawa haikuwa na harufu. Alidhani itarudi. Msimu huo alilaza bila pua na hakuna kilichoharibika, kwa sababu alikumbuka kila chupa ilipo, na aliogopa kuzisogeza. Mwaka huu Mama Lusi alifagia chini ya benchi, akazirudisha chupa bila kujua zilivyokuwa zimekaa.

"Umemwambia yeye?"

"Nimwambie nini? Wali ukiungua nasema ni mtamu. Amefurahi, anasema siku hizi nimekuwa mtu mzuri."

Nilichofanya baada ya hapo ndicho ninachokirudia kichwani, kwenye basi, darasani wanafunzi wakiandika. Mimi, niliyewatesa watu kwa maswali tangu nikiwa mdogo, nisiyekubali jambo bila ushahidi, nilimshauri tufiche. Nilisema mvua bado, leo na kesho zinatosha. Tufungue matangi, tutoe yote, tuoshe kabureta, tujaze upya, tutie dawa niliyoinusa mimi. Wenye magari wakiuliza, aseme anakagua. Hakuna atakayejua. Nililipanga vizuri sana, hatua kwa hatua, karibu kama yeye.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, "Tangi la mtu silifungui bila mwenyewe."

Nikasema hata kama ni kwa faida ya mwenyewe. Akasema yeye anakagua waya kila asubuhi kwa ajili ya watu wanaofungua matangi ya watu bila wenyewe, sasa awe nani, awe mmoja wao. Nikamwambia wakijua hawatamletea gari tena. Akasema hilo analijua, hana haja ya kuambiwa na Chuo Kikuu.

Aliteremsha suruali, akavaa kofia, akaenda nyumba kwa nyumba. Nilitaka kwenda mimi, nina miguu mizima. Alikataa. Nilimwona akipita nyuma ya msikiti akitembea kama mtu aliyevaa viatu vya mtu mwingine.

Asubuhi yake walikuja wote sita. Baba alikuja na kiti chake. Kulikuwa na mwalimu mkuu, katekista kwa ajili ya gari la parokia, mama mmoja mwenye duka la nguo, na ndugu wawili wenye magari ya kubebea ufuta. Fundi alisimama mbele yao, hakuegemea benchi.

"Pua yangu imekufa," akasema. "Nimetia mafuta ya ufuta kwenye matangi yenu. Sikukusudia. Naomba ruhusa niyafungue."

Wa kwanza kusema alikuwa yule mama wa duka. Alitaka kujua kama ufuta wenyewe ulikuwa wa kukamua au wa dukani, maana gari lake lina tumbo jepesi. Watu wakacheka, katekista akacheka hadi akajifuta macho, na kwa muda mfupi nilidhani imekwisha. Lakini mkubwa wa wale ndugu hakucheka. Alisema msimu uliopita naye alilaza gari hapa, kumbe alilaza kwa kubahatisha. Fundi akasema ndiyo, ilikuwa kwa kubahatisha. Yule ndugu alingoja, nadhani alitaka abishiwe. Alipoona habishiwi, akasema wao wanachukua magari yao yote mawili. Fundi akawafungulia waya, akawapa mpira wa kutolea mafuta na dumu, akawaeleza kabureta waioshe vipi, mara mbili, akawasaidia kusukuma.

Baba ndiye aliyeuliza lililobaki. Hakuuliza kwa ubaya. Alisema, sasa sawa, petroli tutatoa, tutaleta nyingine. Hiyo dawa nyingine nani atajua kama ni dawa?

Fundi akanitazama.

Tulifanya kazi siku nzima. Petroli iliyotoka haikumwagwa, walipewa vijana wa pikipiki waichome siku hiyo hiyo, na baadaye niliandikiwa kwamba Mitole yote ilinukia kashata kwa siku mbili. Kabureta nne zilioshwa. Kila dumu jipya lilipokuja, Fundi hakuligusa mpaka nimenusa mimi, na kila niliponusa alinisimamia uso kwa uso, akitazama pua yangu kama anavyotazama mshale wa kipimo. Mawingu yalikuja, yakakaa, hayakuondoka.

La mwisho lilikuwa la baba. Tangi likajazwa hadi mdomoni. Fundi akaweka kiganja chake juu ya mdomo wa tangi, akakiacha hapo, na kwa mkono mwingine akanipa chupa. Matone makubwa ya kwanza yakagonga bati.

"Hii ni ipi?"

"Ya tangi."

"Umenusa au umekisia?"

Nilikuwa nimenusa. Nilikuwa na hakika. Pia nilikuwa nimechoka, kichwa kinauma kwa harufu za siku nzima, na chupa ilikuwa imetoka upande ule ule wa benchi kama zile nyingine tatu.

"Nimenusa," nikasema.

Baba alikuwa anatazama mvua. Fundi hakutazama mvua. Kiganja kilikuwa bado juu ya tangi.

"Nusa tena."

Nikafumba macho, nikanusa tena, taratibu. Ndipo akaondoa mkono.